Nikimkuta kaka yangu amezima, nimpigie nani?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mkazi wa Mombasa. Kaka yangu alikuwa kwenye unga (heroini) miaka sita. Mwezi uliopita alitoka rehab, alikaa siku 90, akarudi mzima: kanenepa, anaswali, anamsaidia mama dukani. Juzi nikifua suruali yake nimekuta karatasi ya kete, ile ya kufungia unga, mfukoni. Binamu yetu aliyeko Columbus, Marekani, ananiambia huko kuna dawa ya kupuliza puani inayomwamsha mtu aliyezidisha, inauzwa dukani kama Panadol, na kuna sheria inayomkinga anayepiga simu. Je, huku kwetu mambo hayo yapo? Nikimkuta amezima chumbani nikapiga simu, si watatubeba sote? Mama ana presha, bado sijamwambia.

JIBU: Waalaykum salaam dada. Kwanza, mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, nilikofanya kazi sote tuliitwa dokta, mpaka bawabu.

Nianze na hiyo karatasi, kwa sababu ndiyo iliyonishtua kuliko mengine yote uliyoandika. Unasema kaka amerudi kanenepa, na naona kama jambo hilo limekupa moyo. Ni haki yako kufurahi. Lakini katika kazi hii tunajifunza kumwogopea zaidi kijana aliyependeza. Anayetumia kila siku, mwili wake umeshaizoea dozi yake. Akikaa miezi mitatu bila kugusa, mazoea yale yanaondoka, ila kichwani bado anakumbuka kipimo chake cha zamani. Siku akiteleza, atachukua kete zilezile alizokuwa akichukua mwaka jana, na mwili alionao sasa hauziwezi tena. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2007 katika jimbo la Washington, Marekani, uliwafuatilia wafungwa waliotoka jela. Katika wiki mbili za kwanza, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa watu wengine wa jimbo hilo. Kaka hakutoka jela, lakini mwili hautofautishi jela na rehab. Kwake yote mawili ni miezi bila unga.

Sasa mambo yanavyokwenda mtu akizidisha. Unga, yaani heroini, pamoja na ndugu zake wote wa jamii ya afyuni, unakwenda kukaa kwenye ile sehemu ya ubongo inayotukumbusha kupumua hata tukiwa usingizini. Pumzi inapungua, inakuwa moja kwa sekunde kumi, moja kwa ishirini, halafu inasahaulika kabisa. Moyo unaendelea kupiga kwa muda, na ukikosa hewa ndio nao unasimama. Mara nyingi safari hiyo inachukua dakika kadhaa, wakati mwingine saa moja au mbili. Kwa hiyo kunakuwa na nafasi ya kuokoa, na mwenye nafasi hiyo ni yule aliye chumbani wakati ule. Hospitali ikipata habari, mara nyingi nafasi imeshapita.

Miaka kadhaa nyuma tuliletewa kijana juu ya mkokoteni, wa wale wauza maji, madumu yamesukumwa pembeni. Waliomleta walikuwa wawili. Walimshusha langoni, mmoja akasema “dokta, huyu hapa”, kisha wote wakatimua mbio. Shati lake lilikuwa limelowa maziwa. Kwenye mkono kulikuwa na tundu bichi la sindano, mahali walipomdunga maji ya chumvi wakiamini yataondoa unga damuni. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu. Hatukujua alizima tangu saa ngapi, wala kama alichanganya na bugizi, vile vidonge vya usingizi. Waliojua walikuwa wameshafika barabara kuu. Tulimrudisha kwa ampuli (vichupa vya dawa ya kudunga) tatu za naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidisha, na ilikuwa bahati kubwa, maana pumzi bado ilikuwepo kidogo. Baadaye mmoja wa wale wawili alikuja kunywa dozi yake, nikamuuliza kwa nini walikimbia. Akanijibu huku akiangalia sakafu: “Mwaka juzi tulimpeleka mwingine, tukalala seli sisi.”

Jibu lake hilo ndilo lililo ndani ya swali lako la sheria. Nitalirudia, ila kwanza nikupe cha kushika mkononi usiku wa leo.

Ukimkuta amelala, muite kwa jina kwa sauti kubwa, kisha msugue kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Mtu aliyelala usingizi, au aliyelewa tu, atakurupuka au atakutukana. Asipojibu, sikiliza pumzi. Mkoromo mzito unaogugumia kama maji kwenye bomba lililoziba si usingizi mtamu, na nimesikia familia ngapi zikisema “tulimsikia akikoroma tukamwacha apumzike”. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute rangi ya bluu usoni. Geuza mdomo wa chini uangalie ndani, angalia na kucha. Zikiwa na rangi ya kijivu au zambarau, hewa haifiki. Mboni za macho zitakuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Mlaze chali, inua kidevu kichwa kirudi nyuma, ondoa chochote kilicho mdomoni, mbane pua, mpulizie mdomo kwa mdomo mpaka uone kifua kinapanda. Pumzi moja kila sekunde tano, usiache. Kwa mtu aliyezidisha unga hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Hata usipokuwa na dawa yoyote, pumzi zako zinaweza kumvusha mpaka msaada ufike. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika yasimrudie kooni. Maziwa, maji baridi, makofi, maji ya chumvi, kahawa: hayo yote yaache. Maziwa yanaingia mapafuni, na mengine yanakula dakika ulizonazo.

Dawa ya binamu yako ni naloksoni. Narcan ni jina la biashara. Inakwenda palepale unga ulipokaa, inausukuma pembeni, na pumzi inarudi ndani ya dakika mbili tatu. Kwa mtu ambaye hana unga mwilini haina la kufanya, kwa hiyo ukikosea kukisia humdhuru. Lakini yako mawili ambayo watu wengi hawaambiwi. La kwanza, inafanya kazi kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na unga unaweza kukaa zaidi ya hapo. Mtu anaamka, anasema niko sawa, anaachwa, na baada ya saa moja anazima tena. La pili, ataamka na arosto, yale mateso ya mwili ulionyimwa unga ghafla. Ametapika, anatetemeka, anakutukana wewe uliyemwokoa, na anataka kutoka akatafute kete nyingine. Usibishane naye, lakini asitoke, na usimwache peke yake kwa saa mbili zijazo kwa uchache.

Sasa, binamu amekwambia kweli, lakini amekwambia nusu. Naloksoni ilivumbuliwa mwaka 1961 na wanakemia wawili wa Marekani, Jack Fishman na Mozes Lewenstein, na serikali yao ikaiidhinisha mwaka 1971. Kwa miaka mingi iliishi kwenye kabati za hospitali na kwenye magari ya wagonjwa tu. Mwaka 2003 mtoto wa kambo wa Fishman mwenyewe alikufa kwa kuzidisha heroini. Dawa ya baba yake ilikuwa na umri wa miaka 42 wakati huo. Kila ninapofundisha wanafunzi wa famasia huwasimulia kisa hiki, kisha nanyamaza kidogo, kwa sababu huwa wanakuja na wazo kwamba dawa ikishapatikana duniani kazi imekwisha.

Walioanza kuitoa nje ya hospitali hawakuwa madaktari wakubwa. Mwaka 1996 kikundi cha Chicago Recovery Alliance kilianza kuwagawia watumiaji wenyewe, bila kungoja sheria iwaruhusu. Sheria ilifuata nyuma. New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 2001, kumkinga mtu wa kawaida anayeitoa, na leo majimbo yote 50 yana sheria za namna hiyo. Mwaka 2023 ile ya kupuliza puani ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa takriban dola 45 pakiti ya dozi mbili. Bei hiyo si ya Panadol, mwambie binamu. Je, inasaidia? Watafiti waliangalia miji 19 ya Massachusetts na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Palipofunzwa watu wachache kuitumia, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kulinganisha na pasipo mafunzo, na palipofunzwa wengi pungufu kwa asilimia 46. Waliofunzwa ni watumiaji, mama zao, na wenzao wa kijiweni.

Ile sheria ya pili, ya kumkinga anayepiga simu, nayo ilianzia New Mexico, mwaka 2007, na sasa karibu majimbo yote yanayo. Wanaiita kwa jina la yule Msamaria mwema wa Injili. Kwa maneno mepesi: ukiita msaada kwa sababu mwenzio amezidisha, hutashitakiwa kwa kile kidogo mlichokuwa nacho, na aliyezidisha vilevile. Wazo ni zuri. Ila sheria ni maandishi madogo. Ile ya Ohio, anakoishi binamu yako, iliyopitishwa mwaka 2016, iliweka kwamba kinga inapatikana mara mbili tu, na mhusika lazima ndani ya siku 30 aende akapimwe na kuelekezwa matibabu. Fikiria kijana anahesabu vidoleni, hii ya pili au ya tatu, huku mwenzake anageuka kijivu! Tena kuna majimbo ambayo anayemgawia rafiki kete akafa anashitakiwa kama muuaji. Sheria moja inamwambia piga simu, nyingine inamwambia kimbia. Na kwa ndugu zetu wasio raia walioko huko, kinga ya jimbo haiifungi serikali kuu kwenye mambo ya uhamiaji. Wapige simu, uhai kwanza, lakini wajue hivyo na wawe na namba ya wakili.

Marekani ilizika zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka kwa sababu ya kuzidisha dawa katika miaka ya 2021 mpaka 2023, wengi kwa fentanili, ndugu wa heroini anayetengenezwa maabara, yenye nguvu takriban mara 50 ya heroini. Mwaka 2024 idadi ikashuka hadi karibu 80,000. Wataalamu bado wanavutana ni kipi kilichoshusha. Mimi sitasema ni naloksoni peke yake.

Turudi Mombasa. Kenya haina sheria inayomkinga anayeita msaada mtu akizidisha. Tena Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994 inamhesabia kosa hata mtu aliyekutwa tu, bila sababu ya maana, mahali watu wanapokusanyika kutumia. Kwa hiyo wale vijana wa mkokoteni hawakuwa wajinga. Walikuwa wameisoma sheria kwa miili yao. Hofu yako nawe haina aibu ndani yake.

Ila kipo upande wako. Katiba yetu, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaitia meno: hospitali yenye uwezo ikikataa kumpa mtu matibabu ya dharura inatenda kosa, na faini inaweza kufika shilingi milioni 3. Mtu asiyepumua ni dharura, awe ameumwa na nyoka au amejidunga. Ukiambiwa langoni “lipa kwanza” au “mpelekeni polisi kwanza”, litaje hilo kwa upole, kwa jina la sheria na mwaka wake. Nimeona mlango ukifunguka kwa sentensi moja. Na wewe dada, nyumbani kwenu, unamwita mtu wa kumwokoa ndugu yako. Hapo si maskani, na huna kete mkononi. Usiruhusu hofu ya vijana wa mtaroni ikufunge wewe mikono.

Ukipiga simu, namba 999 na 112 zinakwenda kwa polisi, na 1199 ni ya Msalaba Mwekundu. Useme: “Kuna mtu hapumui, hajibu, tuko mahali fulani.” Hilo ni kweli na ndilo linaloharakisha gari. Habari ya unga isubiri mhudumu afike, na hapo mwambie kila kitu bila kuficha: alichotumia, saa ngapi, kama alimeza vidonge au pombe. Lakini wewe na mimi tunaujua mji wetu. Huenda tuktuk ya jirani ikafika kabla ya ambulensi. Basi kuwa na namba ya dereva wa mtaani anayelala karibu, na mkimpakia, mmoja wenu akae nyuma naye akiendelea kumpulizia. Msimkunje kitini kidevu kikagusa kifua, njia ya hewa itaziba.

Naloksoni Kenya ipo na imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Hapa utaikuta zaidi kama ampuli ya kioo ya mikrogramu 400 ya kudunga kwenye msuli wa paja, ile ya puani ni adimu. Kwenye duka la dawa utaulizwa cheti, na mara nyingi hawana. Nenda kwenye kliniki ya methadoni ya Kisauni, au kwa mashirika yanayofanya kazi na watumiaji hapo mjini, Reachout na MEWA, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Omba kufundishwa, uliza na naloksoni unaweza kuipataje. Piga simu kwanza kabla ya kupanda matatu: tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo kadhaa vya mashirika vimefunga au vimepunguza wafanyakazi. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192. Mimi ningependa kuona naloksoni ikikabidhiwa kila anayetoka rehab na kila anayetoka jela, kama Scotland walivyoanza mwaka 2011 kwa mpango wa taifa zima. Ampuli ile haina faida ikiwa kabatini kwa mfamasia saa nane za usiku.

Lipo jambo ambalo hukuniuliza. Naona rehab ilimkausha kaka ikamrudisha nyumbani bila dawa yoyote ya kumshikilia. Familia nyingi zinaipenda njia hiyo kwa sababu inaonekana safi. Methadoni wanaiona ni kubadilisha unga kwa unga. Nimeshawajibu watu wengi kuhusu hili na sikuchoka: methadoni ni ya kunywa, dozi ileile, kila siku, mbele ya muuguzi, haimpandishi wala haimwangushi, na mwili unabaki na uzoefu unaomkinga siku akiteleza. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza Februari 2011. Sisi Kenya tulianza hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, Malindi ikafuata mwaka 2015. Ufaransa walipowaruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini, dawa ya jamii hiyohiyo, katikati ya miaka ya 1990, vifo vya kuzidisha vilishuka kwa takriban asilimia 79 kufikia mwaka 1999. Sijui hatua nyingine moja yenye matokeo kama hayo. Kwa kuwa kaka sasa hana uzoefu, asianze methadoni kwa kupewa na rafiki, hata kijiko. Kliniki itampima na kuamua kama inamfaa.

Zungumza naye kabla hajateleza zaidi. Usianze na karatasi, ataruka, na mazungumzo yatakuwa ya karatasi tu. Mwambie: “Sikuulizi kama umetumia. Nakuomba kitu kimoja, ukitumia usitumie peke yako, usichanganye na vidonge wala pombe, na usirudi kwenye kipimo cha zamani.” Najua itakutia uchungu ulimini kuyatamka, na ustadhi wa msikitini kwenu huenda asinielewe. Mimi nimewaosha waliokufa, nikakaa na mama zao, na hakuna mmoja kati yao aliyeniambia anajuta kwamba aliyasema mapema.

Kuhusu mama, mwambie. Presha yake itapanda siku moja mkiwa mmekaa naye na dawa zake ziko karibu. Ni afadhali hivyo kuliko aje kukuta jambo alfajiri akienda kutawadha, hajui hata kuinua kidevu. Mfundishe kupulizia, tumieni mto.

Na leo, kabla ya hayo yote, tafuta bisibisi ulitoe komeo la ndani la mlango wa choo na la chumba chake. Ukiulizwa, sema lilikuwa limelegea.